Siku Niliyokuwa Émerance

Katika mji wetu wa Lubumbashi, swali gumu kuliko yote linaletwa na simu: "Uko wapi?" Mtu yuko kitandani, shuka bado iko shingoni, anajibu: "Niko njiani, nimeshapita rond-point, pale kwenye mzunguko." Mwingine yuko Katuba mbele ya chupa, anamwambia mkewe yuko matangani Kampemba, na anashusha sauti kidogo ili kilio kisikike. Anayeuliza anajua anadanganywa, na anashukuru. Kumwambia mtu "sikuambii" ni kumtukana. Kumdanganya vizuri ni adabu.

Mimi Rigobert, katika adabu hiyo, nina diploma ambayo hakuna chuo kingeweza kunipa. Nilikuwa mtu wa reli. Kazi yangu ilikuwa kugeuza njia pale reli zinapogawanyika: treni hii iende kusini, ile iende kaskazini. Shule niliiacha mapema. Kusoma nilijifunza mwenyewe kwenye karatasi za magazeti zilizofungia mikate ya mafuta, ndiyo maana hadithi zangu nyingi hazina mwisho: mwisho ulikuwa umelowa. Wakati mmoja treni ya mizigo ilipotea mikononi mwangu, tukailia kama marehemu, halafu ikarudi yenyewe ikiwa na behewa moja zaidi. Usiponiamini, hilo behewa la nyongeza lilitoka wapi?

Lakini hapa nataka kusimulia habari za Émerance, jirani yangu wa Ruashi, kwa sababu tangu nizaliwe sijaona kichwa kama kile.

Émerance ni mama wa Butembo. Watu wa kwao wanazaliwa biashara iko mkononi, kama sisi watoto wa reli tulivyozaliwa na filimbi. Alifika kwetu na magunia ya maharagwe, akauza, akajenga, na sasa anauza vinkubala kwa jumla. Vinkubala ni wale wadudu wa msituni wanaotambaa kwenye majani ya miti. Ukivikaanga kwa kitunguu na nyanya, ukavila na bukari, ugali wetu wa huku, hutakumbuka kwamba duniani kuna nyama.

Mvua zikianza, wanawake wanaingia msituni huko mbele ya Kasomeno, wanapiga kambi. Wanaokota, wanakamua matumbo, wanachemsha kwa chumvi, wanaanika. Kambi haikai mahali pamoja: mwaka huu wadudu wako kwenye miti ya huku, mwaka kesho wamehamia kule. Kwa hiyo mali ya mfanyabiashara wa vinkubala si kamioni, wala magunia. Mali yake ni kujua kambi iko wapi.

Émerance alikuwa na njia yake ya kazi. Kwanza anakwenda kwa pikipiki, anapeleka chumvi na magunia matupu, anapatana na mkubwa wa wale wanawake, anayeitwa Mama Mwenya. Vikishakauka, anarudi na kamioni ya Alphonse, dereva wake, kupakia. Njia nzuri. Ila msimu ule, kila aliporudi, alikuta kambi imekwisha kupakiwa na mtu mwingine.

Siku moja akaingia kwenye baraza yetu bila kupiga hodi, akakaa kwenye kiti changu, mimi nikiwa nimesimama.

"Désiré tena?" mke wangu Brigitte akamuuliza, akimpa maji.

"Désiré tena! Nafika na camion, nakuta majivu na banamuke banakunja mikeka. Mama Mwenya ananiambia: 'Binti, mvua haingojake muntu. Ule alikuja na camion, weye ulikuja na mudomo.'"

Huyo Désiré ni mfanyabiashara wa hapa mjini, kijana wa makamo, shati safi, kicheko kikubwa, na kamioni ambayo haijui kulala. Hakuwa mwizi. Alikuwa anafika mapema tu, mapema mno, kama mtu aliyealikwa.

"Sasa sikieni," Émerance akaendelea. "Mama Mwenya amesema kambi inabaki moja, ya mwisho, na vinkubala vyake vimeshaanikwa. Mwenye atafika wa kwanza, huyo njo atakuwa mutu wao, leo na miaka yenye inakuja. Nikichelewa tena, vinkubala vyangu vimekwisha. Nitarudia maharagwe."

Alisema "maharagwe" kama mtu anayesema "kaburi".

"Kuna muntu anatoa siri yako," nikasema.

Akaniangalia. Brigitte naye akaniangalia.

"Mbona munaniangalia?"

"Macho ni ya kuangalia, Papa," akasema Brigitte. "Ama sasa ni ya kula?"

Sikukasirika. Mtu mwenye mdomo kama wangu lazima awe wa kwanza kushukiwa, ni kama mbuzi nyumba inapokosa mchicha.

Sasa tazama alichofanya huyu mama. Mwingine angekwenda kwa mganga, au angemfukuza Alphonse, au angenipigia kelele mtaani. Yeye akanivuta pembeni akaninong'oneza: "Muzee, ni weye peke yako nakuambia. Kambi ya mwisho iko upande wa Kinsevere." Nami nikaitunza siri hiyo kama mboni ya jicho. Sikumwambia mtu yeyote, isipokuwa wale walioapa. Kumbe Alphonse naye ameitwa pembeni, ameambiwa Kasenga. Naye Émerance mwenyewe akapanda pikipiki, akaenda mahali ambapo hakumwambia mtu hata mmoja: kwa wachoma makala, wale watu wa mkaa, kando ya barabara ya Likasi, mahali ambapo kinkubala hakijawahi hata kupita kikisafiri.

Kule akafanya yale yale anayofanya kila anapokwenda porini. Alipanda kichuguu. Vichuguu vya kwetu, msomaji wangu, vina kimo cha nyumba, na ukiwa msituni ndipo mahali pekee rezo, yaani mtandao wa simu, inakubali kukushika. Juu ya kichuguu akafungua simu, akatazama ukurasa wa mtandaoni unaoonyesha bei za masoko, akafunga, akashuka. Kisha akamwambia mchoma makala mmoja: "Kama camion inakuja kuuliza vinkubala, uwaambie vilikuwa hapa, vimeshachukuliwa. Halafu unibipe."

Kesho yake simu ikalia mara moja ikakatika. Kamioni imefika.

Akaja kwangu mbio, uso unang'aa kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Muzee, ulimi yako iko safi!"

"Mi nilijua," nikasema, ingawa nilikuwa na mashaka nao.

"Weye nilikuambia Kinsevere. Alphonse nilimuambia Kasenga. Désiré ameenda pale nilienda miye, na pale sikumuambia mutu. Sasa nani alikuwa na miye juu ya kile kichuguu?"

"Malaika?" nikajaribu.

"Malaika habana camion, Muzee."

Akatoa simu yake, akaiweka juu ya meza katikati yetu, akakunja mikono, akaitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto ambaye darasa zima limemnyooshea kidole. Halafu akaufungua ule ukurasa wa bei.

Ninyi wa siku hizi mnazijua kurasa za namna hiyo. Unaona bei ya mahindi, samaki, vinkubala, soko kwa soko. Chini yake kuna ramani, na kwenye ramani vidoti vya kijani, kila kidoti na jina lake: huyu anauza dagaa yuko hapa, yule anauza unga yuko pale. Émerance akaikuza ramani kwa vidole viwili. Ruashi ikaja. Barabara yetu ikaja. Na juu ya bati la nyumba yangu, mimi Rigobert, kilikuwa kimekaa kidoti cha kijani kimeandikwa Émerance.

"Mama yangu," akasema polepole. "Kumbe ni miye njo ninajitangaza."

Akacheka. Mtu mwingine angelia. Alikuwa amepoteza magunia ya msimu karibu mzima. Yeye akacheka mpaka akashika mbavu.

"Siku ya kwanza iliniuliza, na heshima yote," akasema. "Ukurasa unaomba kujua position yako, pale uko. Chini, bouton mbili: Autoriser, ni kuruhusu; Bloquer, ni kuzuia. Sasa Muzee, miye mutu wa soko. Mutu akiuliza meza yako iko wapi, utamuficha? Unamuonyesha na kidole, unamupeleka mpaka na mukono! Nikafinya Autoriser. Tangu ile siku, kila nikipanda kichuguu kuangalia bei, kidoti inapanda na miye."

"Na Désiré?"

"Désiré anakunywa chai yake mu ville, kati ya muji, anaangalia ramani, anatuma camion. Ata petroli ya kunifuata haikumuishia."

Nilitaka kumwonyesha kwamba hata mimi ni mtu wa siku hizi, nikasema: "Futa kila kintu. Tupa telefone mu Lubumbashi." Maana mto wetu nao unaitwa hivyo hivyo.

"Hapana. Bei naihitaji. Ngoja."

Akaanza kuitafuta simu kama mwanamke anayetafuta jiwe ndani ya mchele. Kando ya anwani ya ule ukurasa, juu kabisa, kulikuwa na kialama kidogo ambacho sijawahi kukipa hata salamu. Akakigusa. Kikafunguka kama mlango wa nyuma wa duka: hapa kamera, hapa maikro, hapa position. Mbele ya position: imeruhusiwa. Akagusa tena. Imezuiliwa.

Nilishika kiti. Nilingoja ule ukurasa ukasirike. Nilidhani utasema, "Basi na bei zangu hupati," kama shemeji aliyenyimwa chumvi. Haukusema neno. Bei ya Ruashi ikabaki pale pale, bei ya Kasomeno pale pale. Ila kidoti hakikusogea tena na yeye.

"Unaona?" akasema Émerance. "Bei inaniletea. Miye hainioni."

Nakuambia kweli, na mimi kweli siisemi ovyo: nilivua kofia. Nimeishi miaka yote hii nikidhani kuna njia mbili tu, kujibu au kudanganya, kwa sababu kukataa ni ugomvi. Huyu mama alikataa kwa ncha ya kidole, bila ugomvi, na kitu alichokitaka akaendelea kukipata. Mabwana wangapi wameachika katika mji huu kwa kukosa kitufe hicho!

Hakuishia hapo. Aliingia ndani zaidi, kwenye mipangilio ya kile kivinjari, akakuta orodha ya kurasa zote zilizowahi kumuuliza aliko na yeye akazionyesha kwa kidole kama mtu wa soko.

"Angalia! Huu wa kusuka nywele unajua nyumba yangu. Huu wa kupika keki. Keki moja tu nilipika, na iliungua!"

"Labda bananusa moshi," akasema Brigitte kutoka jikoni.

Akazifunga moja baada ya nyingine. Ule wa hali ya hewa akauacha, lakini kwa sharti: uulize kila mara. "Mvua nataka kujua," akasema, "lakini ipige hodi."

Mimi nikasimama. "Basi imekwisha. Wende sasa kwa Mama Mwenya, Désiré haoni kintu."

Akatikisa kichwa, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimeona nusu tu ya huyu mwanamke.

"Nikipotea leo, Désiré ataamuka. Atajiuliza: mbona Émerance hatembei? Atatuma vijana na pikipiki banifuate. Hapana, Muzee. Kidoti lazima itembee. Itembee mbali na miye."

Akatoa simu ya zamani kwenye mfuko wake, ile yenye kioo kilichopasuka pembeni. Akaingia kwenye ule ukurasa kwa jina lake. Ukauliza, kwa heshima yote. Akafinya Autoriser. Kwenye simu mpya, Émerance amefungwa. Kwenye simu ya zamani, Émerance yuko wazi.

"Muzee," akasema, "unajua kukaa mahali hauko?"

"Mama," nikajibu, "ni kazi ya maisha yangu."

"Basi weye ni Émerance. Unaenda Kinsevere."

"Kwa nini Kinsevere?"

"Kwa sababu ile siri yenye nilikupa imeshafika kila mahali. Hata mwenye kuuza vocha ameniuliza kama vinkubala vya Kinsevere viko vizuri."

Brigitte akaanza kuimba wimbo wa kanisani, kwa sauti ya juu.

Asubuhi iliyofuata, kamioni ya Alphonse ilitoka kimya upande mmoja, Émerance amekaa mbele na simu yake mpya, magunia na chumvi nyuma. Mimi nikatoka upande mwingine, juu ya pikipiki, nimekumbatia mgongo wa dereva, simu ya zamani iko wazi katika mfuko wa shati juu ya moyo. Njiani nilikuwa najisikia mzito. Si kitu kidogo kubeba mama wa Butembo mzima mfukoni.

Nje ya mji, kabla ya kufika kwenye mgodi wa shaba wa Kinsevere, nikamwambia dereva aniache. Nikachagua kichuguu kizuri chenye kivuli, nikapanda, nikaufungua ukurasa, nikahakikisha kidoti kimekaa, nikatoa mihogo na karanga alizonifungia Brigitte. Nilikuwa bado natafuna nilipoona vumbi. Kamioni. Magunia matupu nyuma. Mbele, shati safi.

Désiré akashuka, simu iko mkononi, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama juu.

"Jambo, Papa."

"Jambo, mwana wangu. Bakwenu bazima?"

"Bazima. Papa, Mama Émerance iko wapi?"

"Émerance gani?"

"Ule mama wa vinkubala. Telefone inasema iko hapa."

"Kama telefone inasema iko hapa," nikamwambia, "basi iko hapa. Telefone ya bei kali kama ile itadanganya juu ya nini?"

"Lakini simuone."

"Ameingia mu pori na banamuke bake. Ameniacha hapa nichunge njia. Vinkubala vya huku, mwana wangu, haviokotwe na kila muntu."

"Sababu gani?"

Sasa yeye ndiye aliyeuliza. Nikasogea, nikampa nafasi juu ya kichuguu, nikampa karanga. Nikamweleza kwamba vinkubala vya Kinsevere vinakula majani ya miti inayokua juu ya shaba, ndiyo maana vina uzito, na ukivitupa kwenye sufuria vinalia kama kengele ya misa. Nikamweleza kwamba mwaka mmoja kimoja kilivuka reli mbele ya treni ya abiria, na mimi mwenyewe nilishusha bendera nyekundu, treni ikasimama, watu wakashuka wakasalimiana nacho.

"Papa!" Désiré akacheka.

"Cheka. Padri mumoja aliandika juu yake Ulaya, bakamukatalia."

"Na huyo mama, atatoka saa ngapi?"

"Banakamua matumbo. Tumbo ya kinkubala ya shaba ni ndefu. Kula karanga."

Akangoja. Siwezi kusema aliniamini, Désiré si mjinga. Aliniamini kwa sababu ramani iliniamini. Kule kwa wachoma makala, ramani ilikuwa imesema kweli, kwa jinsi alivyojua yeye Désiré; alichelewa tu. Sasa hakutaka kuchelewa tena. Uongo wangu ulikuwa umekaa juu ya mabega ya uongo wa Émerance, na wote wawili tulikuwa tumekaa juu ya kichuguu.

Wingu likaja, likapita. Jua likahama. Karanga zikaisha, tukaanza mihogo. Nilikuwa nimefika kwenye habari za treni iliyorudi na behewa la nyongeza, na nilikuwa nimeyafanya kuwa mabehewa kadhaa, wakati kifua changu kilipolia. Mlio mmoja, ukakatika.

Ilikuwa ndiyo alama yetu. Émerance amepakia, amefika Kasomeno penye rezo, yuko njiani kurudi.

Désiré akanitazama mfukoni.

"Papa, ile telefone ni ya nani?"

"Ni ya... tunaitumia pamoja."

Akatazama simu yake. Akatazama shati langu. Akatazama simu tena, halafu akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa:

"Papa, shuka. Tembea kidogo upande wa ule muti."

Nikashuka, nikatembea mpaka kwenye mti.

"Mbele tena kidogo."

Nikaenda mbele.

"Rudia."

Nikarudi. Kidoti nacho, nadhani, kilikuwa kimekwenda kikarudi, kwa sababu Désiré alikuwa amekaa chini, ameshika kichwa.

"Papa," akasema, "kumbe weye njo Émerance?"

"Leo, ndiyo."

Nilijiweka tayari kukimbia, nikakumbuka magoti yangu, nikaacha. Lakini mtu wa Lubumbashi ukimdanganya ovyo anakupiga. Ukimdanganya kwa kazi, anakuheshimu. Désiré akaanza kutikisika mabega, halafu kicheko chake kikubwa kikatoka, mpaka dereva wake akashuka kuuliza kuna nini.

"Mukubwa, mubebe Mama Émerance mu camion," Désiré akamwambia, akipangusa machozi. "Mvua inakuja, hatuwezi kumuacha hapa."

Basi nikarudi Ruashi nimeketi mbele katika kamioni ya adui, kati ya dereva na mwenye mali, magunia matupu yakipigapiga nyuma kwa upepo. Njiani Désiré aliniuliza mara nyingi ilikuwaje. Nikamweleza habari za kialama kando ya anwani, na kitufe cha kuzuia. Désiré akatoa simu yake, akaanza kutafuta katika mipangilio, na nilimsikia akinong'ona: "Ata huu? Ata huu wa mpira unajua kwangu?"

Tulimkuta Émerance amekwisha kufika. Kamioni ya Alphonse ilikuwa uani, imejaa mpaka turubai limevimba, harufu ya chumvi na moshi imeshika mtaa mzima. Yeye alikuwa amesimama katikati ya magunia, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mama," Désiré akasema, "umenitembeza."

"Pole, ndugu yangu. Umekula?"

"Nimekula karanga za Papa na bintu byenye siwezi kurudilia."

"Karibu ukule tena. Na ukitaka vinkubala vya kuuzisha, meza yangu unaijua, iko pale pale mu soko."

Désiré akacheka, akakubali kukaa. Émerance akatueleza kidogo tu: alifika, Mama Mwenya akatazama kamioni, akatazama barabara nyuma ya kamioni kuona kama kuna vumbi lingine, hakuna, akasema, "Basi." Neno hilo moja. Halafu akampa mkono wake mbele ya wanawake wote, wakapiga vigelegele, na kuanzia siku hiyo vinkubala vyao ni vya Émerance, msimu huu na mingine.

Brigitte alikuwa amekwisha kukaanga. Akaweka sahani katikati, na bukari moto. Émerance akanyoosha mkono nimrudishie simu ya zamani. Akaifungua, akagusa kile kialama kando ya anwani, akazuia position na hapo pia, akaiweka mfukoni. Nilijisikia mwepesi ghafla, na mnyonge kidogo, kama mtu aliyevuliwa vazi la jumuiya baada ya misa kubwa.

Nikamsogelea sikioni ili Désiré asisikie.

"Mama, sasa niambie miye tu. Kambi yenyewe iko upande gani wa Kasomeno?"

Akakata kipande cha bukari, akakibonyeza kwa dole gumba, akakijaza vinkubala, akakiweka mkononi mwangu.

"Kula, Muzee," akasema. "Vinapoa."

Nikala.